Injini ya Mashua Inapokataa Kuwaka: Jinsi ya Kutafuta Kosa katika Umeme wa Kuwashia na wa Kuchaji

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, hujulikana zaidi kwa pamba na mifugo kuliko kwa uvuvi. Kati ya wilaya zake 5, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ni Busega pekee inayopakana na Ziwa Victoria. Hata hivyo ziwa haliko mbali na wakazi wa bara. Kutoka Bariadi mjini hadi Lamadi, karibu na ufuko wa Ghuba ya Speke, ni mwendo wa kilometa 70 hivi kwa barabara, na dagaa wanaovuliwa katika ghuba hiyo huliwa hata na wale ambao hawajapata kupanda mashua.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, hasa wakati wa giza la mwezi, kwa kuwavuta dagaa kwa mwanga wa taa. Usiku huohuo ndio wakati ambao dhoruba za radi hutokea zaidi juu ya ziwa. Sababu yake ni ya kifizikia. Jua likishatua, nchi kavu hupoa upesi, lakini maji hubaki na joto lake. Hewa baridi kutoka pande zote za nchi kavu huelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda juu na kufanya mawingu mazito. Mashua iliyo mbali na ufuko wakati huo yahitaji injini inayotii mara moja. Injini ikikataa kuwaka, mashua huchukuliwa na upepo, na mawimbi huweza kuipiga ubavuni na kuipindua.

Injini ndogo za kupachika nyuma ya mtumbwi huwashwa kwa kuvuta kamba. Injini kubwa zaidi, za petroli na za dizeli, huwashwa kwa mota ya umeme iitwayo stata. Makala haya yahusu injini za namna hii ya pili. Lengo lake ni kuonyesha kwamba kosa la umeme halitafutwi kwa kubahatisha, wala kwa kununua betri mpya leo na stata mpya kesho. Hutafutwa kwa kupima, na kanuni za kupima ni zilezile ambazo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa katika somo la fizikia.

Njia mbili za umeme

Umeme hufanya kazi pale tu unapoweza kuzunguka: hutoka katika nguzo chanya ya betri, hupita katika chombo, na kurudi katika nguzo hasi. Njia ikikatika mahali popote, kwenda au kurudi, kazi husimama. Watu wengi huukagua waya mwekundu wa kwenda na kuusahau waya mweusi wa kurudi, ambao mafundi huuita waya wa athi. Waya huo hufungwa katika mwili wa injini kwa bolti, nao hulegea na kupata kutu kama mwingine wowote.

Katika mashua mna njia mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni njia ya kuwashia: betri, waya mnene, swichi ya sumaku iitwayo solenoidi, stata, mwili wa injini, waya wa athi, na kurudi katika betri. Ufunguo wa kuwashia haupitishi mkondo huu mkubwa. Hupitisha mkondo mdogo tu katika waya mwembamba unaoiamsha solenoidi, nayo solenoidi huunganisha waya mnene. Njia ya pili ni ya kuchaji: injini ikishawaka huzungusha alteneta, ambayo huirudishia betri umeme iliotumia.

Stata ya umeme si chombo cha kale sana. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma kwa mkono, na hendeli hiyo iliwavunja watu mikono injini iliporudi nyuma kwa ghafla. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake. Utaratibu huo ndio uliofuatwa baadaye katika matrekta, malori na mashua. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bariadi anayetazama trekta la kulimia pamba, na yule wa Busega anayetazama mashua, wanatazama mfumo mmoja.

Betri na hali yake

Betri ya risasi na asidi ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna mabamba ya risasi na mabamba ya dayoksidi ya risasi, yote yakiwa yamezama katika mmumunyo wa asidi ya salfa. Betri inapotoa umeme, badiliko hili hutokea:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ → 2PbSO₄ + 2H₂O

Maana yake ni kwamba mabamba yote mawili hugeuka kuwa salfeti ya risasi, asidi hupungua na maji huongezeka. Wakati wa kuchaji badiliko hilo hurudi kinyume. Kwa sababu hiyo uzito wa mmumunyo huonyesha hali ya betri: katika betri nyingi mmumunyo hufikia uzito wa mara 1.26 hivi wa uzito wa maji betri inapokuwa imejaa, na hushuka karibu na 1.12 inapokwisha. Kipimo hiki huchukuliwa kwa haidromita.

Kila seli hutoa volti 2.1 hivi, na betri ya kawaida ina seli 6. Kwa hiyo betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Betri ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, kipimavolti husoma hivi:

Volti 12.6 au zaidi: betri imejaa.
Volti 12.4: imebaki robo tatu.
Volti 12.2: imebaki nusu.
Volti 12.0: imebaki robo.
Volti 11.8 au chini yake: imekwisha.

Msomaji aangalie jinsi tofauti hizi zilivyo ndogo. Kati ya betri iliyojaa na iliyokwisha hakuna hata volti 1. Mtu anayesema, “Betri ina volti 12, kwa hiyo ni nzima,” amekosea kabisa. Zaidi ya hayo, betri iliyochakaa huweza kusoma volti 12.6 ikiwa imepumzika, kisha ikaanguka hadi volti 7 mara tu stata inapoitwa kazini. Kwa hiyo hupimwa mara mbili: ikiwa imepumzika, na ikiwa inabeba mzigo.

Ukinzani mdogo unaoiba nguvu nyingi

Jambo moja huwashangaza watumiaji wengi wa mashua: taa zinawaka vizuri, redio inalia, lakini stata haizunguki. Wao huhitimu kwamba betri ni nzima na stata imekufa. Kanuni iliyotangazwa na Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827 hutuonyesha kwa nini hitimisho hilo huweza kuwa la uongo.

Kanuni hiyo husema kwamba volti zinazopotea katika kipande cha njia ni sawa na mkondo mara ukinzani wa kipande hicho. Tuchukue kiungo kimoja kilicholegea na kuota kutu katika nguzo ya betri, chenye ukinzani wa omu 0.01 tu. Taa yenye kutumia ampea 1 itapoteza hapo volti 0.01. Hakuna jicho litakaloona tofauti. Lakini stata ya injini ya dizeli yenye kutumia ampea 200 itapoteza hapo:

200 × 0.01 = volti 2

Sasa tuongeze kwamba betri yenyewe ina ukinzani wa ndani, tuseme omu 0.01 nyingine. Volti 2 zaidi zitapotea humo. Kwa mkondo huo, stata iliyotarajia kupata volti 12.6 itapata 8.6 tu. Itazunguka kwa unyonge, au haitazunguka kabisa.

Nguvu iliyopotea haikutoweka, bali imegeuka joto. Katika kiungo kile joto hilo ni volti 2 mara ampea 200, yaani wati 400, na joto hilo lote liko mahali padogo kuliko kidole gumba. Ndiyo maana mafundi wazoefu, baada ya kujaribu kuwasha, hupapasa viungo kwa uangalifu mmoja baada ya mwingine. Kiungo chenye joto ndicho chenye kosa.

Tena yafaa kujua kwamba kipimo cha omu cha mita za kawaida hakiwezi kuona omu 0.01, kwani ukinzani wa nyaya za mita yenyewe ni mkubwa kuliko huo. Kosa la namna hii huonekana tu kwa kupima volti zinazopotea wakati mkondo mkubwa unapita.

Jinsi ya kupima volti zinazopotea

Kwanza zuia injini isiwake kwa utaratibu ulioelezwa na mtengenezaji wake. Katika dizeli nyingi huvutwa mkono wa kuzimia, unaokata mafuta. Halafu mtu mmoja ageuze ufunguo na mwingine asome kipimavolti. Stata isizungushwe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, kisha ipumzishwe dakika moja au mbili ili isiungue.

1. Weka ncha za kipimavolti juu ya nguzo mbili za betri zenyewe, si juu ya vibanio vyake. Stata ikizunguka, kipimo kisishuke chini ya volti 9.5 hivi. Kikishuka zaidi, betri haina chaji au imechakaa, au stata inavuta mkondo kupita kiasi.

2. Weka ncha moja juu ya nguzo chanya na nyingine juu ya bolti ya waya mnene pale unapoingia katika stata. Stata ikizunguka, kipimo kiwe kidogo, kisizidi nusu volti. Kikizidi, kosa liko katika waya chanya, vibanio vyake au solenoidi.

3. Weka ncha moja juu ya nguzo hasi na nyingine juu ya mwili wa stata. Hapa pia kipimo kisizidi nusu volti. Kikizidi, kosa liko katika njia ya kurudi.

4. Vipimo vyote vitatu vikiwa vyema na stata bado inasuasua, hapo ndipo pa kuishuku stata yenyewe au injini.

Ukishajua upande wenye kosa, usogeze ncha moja ya kipimavolti kuelekea nyingine, kiungo kwa kiungo. Njia ya haraka zaidi ni kugawa nusu kwa nusu. Kama upande huo una viungo 8, pima kutoka mwanzo hadi katikati, na utajua kosa limo katika viungo 4 vipi. Gawa tena, zitabaki nafasi 2, kisha 1. Vipimo 3 vinatosha mahali pa 8, kwa kuwa 2 × 2 × 2 = 8.

Kuisikiliza injini

Hata kabla ya kutoa kipimavolti, sauti husema mengi.

Kimya kabisa, na taa hazififii. Mkondo mkubwa haupiti. Anza na mambo mepesi: je, gia iko katikati? Injini nyingi za mashua zina swichi inayozuia stata kufanya kazi gia ikiwa imeingia, ili chombo kisiruke mbele kwa ghafla. Je, kamba ya swichi ya kuzimia imefungwa mahali pake? Je, fyuzi ni nzima? Baada ya hapo pima waya mwembamba unaoingia katika solenoidi huku ufunguo ukiwa umegeuzwa. Ikiwa hapana volti, kosa liko nyuma yake: katika ufunguo, fyuzi, swichi ya gia au waya. Ikiwa volti zipo, kosa liko katika solenoidi au njia yake ya athi.

Sauti ya “tik-tik-tik” ya haraka. Mara nyingi betri imekwisha, au kiungo kimoja ni kibovu sana. Solenoidi huvuta na kuunganisha waya mnene. Mkondo wa stata huziangusha volti. Sumaku ya solenoidi huishiwa nguvu na kuachia. Volti hupanda tena, na mambo huanza upya mara nyingi kwa sekunde.

Sauti moja ya “tik” kisha kimya. Solenoidi imevuta, lakini stata haikuzunguka. Huenda vikonyo vya shaba ndani ya solenoidi vimeungua, kaboni za stata zimelika, au injini yenyewe imekwama. Taa zikififia sana wakati huo, mkondo mkubwa unapita lakini hakuna mzunguko. Mota ya umeme inapozunguka hutengeneza ndani yake volti zinazopingana na zile za betri, na hivyo kuupunguza mkondo. Mota iliyokwama haina kizuizi hicho, nayo huvuta mkondo mkubwa kuliko wote. Usiendelee kuilazimisha.

Stata inazunguka kwa kasi peke yake, injini haizunguki. Umeme hauna kosa. Gia ndogo ya stata haikamati meno ya flaiwili.

Injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida, lakini haiwaki. Hapa pia stata na betri zimekwisha timiza kazi yao. Tafuta kosa katika mafuta, hewa, au cheche za plagi ikiwa ni injini ya petroli. Watu wengi humaliza betri nzima kwa kukosa kutambua jambo hili.

Betri isiyojaa

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku ikitembezwa karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa katika waya ule. Alteneta hufuata kanuni hiyo. Sumaku-umeme huzunguka katikati ya koili zisizotembea, na mkondo unaozaliwa hugeuka upande mara nyingi kwa sekunde. Betri haiwezi kuchajiwa kwa mkondo geu, kwa hiyo daiodi, ambazo huruhusu umeme kupita upande mmoja tu, huunyoosha kwanza. Kisha kidhibiti huzuia volti zisipande kupita kiasi. Katika injini za kupachika nyuma, mara nyingi sumaku hukaa ndani ya flaiwili na koili huwa chini yake, wala hakuna mkanda.

Kuipima njia ya kuchaji ni rahisi. Soma volti za betri kabla ya kuwasha injini. Kisha washa, peleka injini mwendo wa wastani, na usome tena.

Volti zikipanda hadi kati ya 13.8 na 14.5, mfumo wa kuchaji ni mzima.

Volti zikibaki vilevile au zikiendelea kushuka, betri haichajiwi. Tazama mkanda wa alteneta kama umelegea, umelika au umelowa mafuta. Tazama fyuzi na viungo. Halafu pima volti katika alteneta yenyewe. Ikiwa huko ziko 14.4 na katika betri ni 12.9, alteneta ni nzima na volti 1.5 zinapotea njiani. Tafuta kiungo kibovu kwa njia iliyokwisha elezwa. Ikiwa volti ni chache katika alteneta pia, kosa liko humo, katika kaboni, daiodi, koili au kidhibiti.

Volti zikipanda kupita 15, kidhibiti kimeharibika. Betri itachemka, maji yake yatapungua upesi na mabamba yataharibika. Mwenye betri inayohitaji kuongezwa maji mara kwa mara aanze kwa kukishuku kidhibiti.

Kuna desturi moja ya hatari: kuondoa waya wa betri huku injini ikiwaka, ili kuona kama alteneta “inabeba.” Betri ikiondolewa ghafla, volti za alteneta hupanda kwa kishindo na huweza kuziua daiodi papo hapo. Jaribio hilo hujibu swali kwa kukiharibu kile kinachoulizwa.

Hesabu inapokataa

Mara nyingine hakuna chombo kilichoharibika hata kimoja, na bado betri haina umeme alfajiri. Katika miaka ya karibuni taa za umeme wa betri zimechukua nafasi ya karabai nyingi katika uvuvi wa dagaa. Mtu akiziunganisha taa hizo na betri ileile ya kuwashia, yafaa apige hesabu kwanza.

Tuchukue betri yenye uwezo wa ampea-saa 70 na taa zenye jumla ya wati 60. Mkondo wa taa ni 60 ÷ 12 = ampea 5. Kwa saa 8 za usiku zitatumia ampea-saa 40. Tuseme injini ni ndogo na huchaji kwa ampea 6, na safari ni saa 1 ya kwenda na saa 1 ya kurudi.

Usiku wa kwanza mashua hufika mvuvini betri ikiwa na ampea-saa 70. Taa hutumia 40, zikabaki 30. Safari ya kurudi huongeza 6, zikawa 36. Jioni ya pili safari ya kwenda huongeza 6, zikawa 42. Taa hutumia 40, na alfajiri ya pili zimebaki ampea-saa 2. Betri kama hiyo haiwashi injini. Mwenye mashua atamlaumu fundi, atamlaumu aliyemwuzia betri, na atanunua stata. Kumbe tatizo lake ni la kujumlisha na kutoa.

Linganisha na mahitaji ya stata. Ampea 200 kwa sekunde 3 ni ampea-sekunde 600, yaani ampea-saa 0.17 hivi. Taa zetu hutumia kiasi hicho kwa dakika 2. Stata haihitaji umeme mwingi. Huhitaji umeme wenye nguvu, kwa muda mfupi, kutoka betri iliyojaa. Kwa hiyo dawa ni kutenga betri mbili: moja ya taa, inayochajiwa mchana nchi kavu kwa umeme wa gridi au wa jua, na nyingine ya kuwashia tu, isiyoguswa na kitu kingine. Betri iliyoachwa tupu kwa siku nyingi huota fuwele ngumu za salfeti katika mabamba yake, na uwezo iliopoteza kwa njia hiyo haurudi wote.

Maji, mtikisiko na hatari

Wamiliki wa mashua za ziwani wana nafuu moja kuliko wenzao wa Tanga au Unguja. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, wala hayapitishi umeme na kula metali kwa kasi kama maji ya bahari yenye chumvi. Lakini unyevu upo, mvuke wa asidi upo, na mtikisiko wa injini hulegeza bolti. Ungaunga mweupe au wa kijani katika nguzo za betri huondolewa kwa maji yaliyochanganywa na magadi, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Kisha viungo hukaushwa, husuguliwa kwa msasa hadi metali ing’ae, hukazwa, na ndipo hupakwa grisi kwa nje. Betri yenyewe ifungwe imara isichezecheze.

Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni na oksijeni, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja. Usichaji mahali pasipo hewa, wala usilete kiberiti au sigara karibu. Unapofungua nyaya, anza na hasi. Unapofunga, maliza na hasi, ili spana ikigusa mwili wa injini isifanye cheche. Katika mashua ya petroli pitisha hewa kwanza kabla ya kupima chochote. Asidi ikimwagikia jicho, lioshwe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, na mtu apelekwe hospitali.

Kabla ya kuondoka ufukoni, mambo 4 yafaa kufanywa kila jioni: kusoma volti za betri, kukishika kila kibanio na kujaribu kukitikisa, kuutazama mkanda, na kusoma volti tena injini ikiwaka. Kazi hiyo haimalizi dakika 5. Injini nyingi za kupachika za ukubwa wa kati zina pia nafasi ya kufungia kamba ya dharura. Kamba hiyo iwemo chomboni, pamoja na makasia na maboya ya kujiokolea. Kipimavolti hakiwezi kuchukua nafasi ya vitu hivyo.

Zoezi kwa darasa

Walimu waweza kuonyesha kiini cha makala haya bila mashua wala stata. Chukua betri ya pikipiki ya volti 12, balbu ndogo ya paneli isiyozidi wati 2, na balbu ya taa ya mbele ya pikipiki yenye wati 35. Unganisha kila balbu kwa zamu kwa kutumia waya mrefu mwembamba ambao umeungwa mahali pamoja kwa kufungamanishwa kwa ulegevu, kati yake na kiungo hicho pawe na nafasi ya kuweka ncha za kipimavolti. Pima volti zinazopotea katika kiungo kwa balbu ndogo, kisha kwa balbu kubwa. Halafu safisha kiungo kwa msasa, kikaze na upime upya.

Wanafunzi waandike majibu ya maswali haya. Kwa nini kiungo kilekile kilipoteza volti nyingi zaidi kwa balbu kubwa? Ukinzani wake ni omu ngapi kabla na baada ya kusafishwa? Kama ampea 200 zingepita katika kiungo hicho, volti ngapi zingetakiwa kupotea, na je, betri ya volti 12 ingeweza kuzitoa? Mwanafunzi atakayejibu swali la mwisho kwa ufasaha ameelewa kwa nini taa huweza kuwaka na stata ikakataa, na ataweza kuitafuta sababu hiyo katika trekta la Bariadi, katika lori la Maswa, au katika mashua iliyofungwa ufukoni Busega.